Kupanga ni Kuchagua: Habari za Profesa Budd Hall na Elimu kwa Njia ya Redio

Katika vitabu vya ukumbusho kama hiki desturi yetu ni kuwataja wazee waliotutangulia, majengo waliyotuachia, na mali walizotoa ili majengo hayo yasimame. Desturi hiyo ni ya haki, wala hapana mtu wa kuibishia. Walakini iko habari nyingine ambayo mara nyingi haipati nafasi, nayo ni habari ya kupanga: ni nani aliyekaa chini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, akauliza kazi hii yafanywa kwa ajili ya nani, itafanywa kwa chombo gani, na siku ya sherehe ikisha pita itaendelea kwa nguvu gani. Kwa kukosa maswali hayo shule nyingi zimefunguliwa kwa ngoma na kufungwa kwa kimya.

Nimeona vema nieleze jambo hilo kwa kufuata kazi ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Profesa Budd Hall, na mambo aliyoyashuhudia na kuyashiriki Tanzania, nchi jirani yetu sisi wa Uganda, katika miaka ya 1970. Sikumchagua kwa kuwa yeye ni mgeni mwenye sifa. Nimemchagua kwa sababu jirani zetu wakati ule walijaribu jambo kubwa la elimu kwa chombo kidogo, wakalipima, kisha wakaliandika pamoja na upungufu wake. Mtu akitaka kujifunza kupanga, apate wapi darasa lililo bora kuliko hilo?

Nchi na Haja Yake

Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, watu wazima wake walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hata mwaka 1967 hesabu ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua. Serikali ilikuwa na fedha kidogo, walimu wachache, na vijiji vilivyotawanyika katika nchi kubwa, baadhi yake visivyofikiwa na motokaa wakati wa masika.

Mwaka 1964, alipokuwa akiwaeleza wabunge Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Rais Julius Nyerere alisema kuwa nchi haina budi kuwaelimisha watu wazima kwanza. Sababu yake ilikuwa wazi. Mtoto aingiaye darasa la kwanza leo hatabadili kilimo wala afya ya kijiji mpaka miaka mingi ipite, lakini baba na mama wa mtoto huyo waweza kubadili mambo msimu huu huu. Neno hilo lilikuwa zito, maana wazazi wote hutaka shule za watoto, wala si rahisi kumwambia mzazi kwamba fedha nyingine zitakwenda kumfundisha yeye mwenyewe.

Chombo cha kuifanyia kazi hiyo kilikwisha anza kuwapo. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha hapa kwetu, Makerere, kilifungua Dar es Salaam tawi la masomo ya nje kwa watu wazima. Na tangu 1963 tawi hilo likawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likajulikana kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa hiyo msomaji wa Uganda asiidhani habari hii kuwa ya kigeni kabisa. Mbegu yake moja ilitoka katika kilima chetu.

Tena palikuwa na redio. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ukawa idara ya serikali kwa jina la Radio Tanzania. Jambo lililoigeuza redio kuwa chombo cha shamba ni ile redio ndogo ya betri, isiyotaka umeme wala fundi. Mkulima aliweza kuitundika juu ya mti akaisikia huku akipalilia.

Mwezi wa Mei 1969, akieleza Mpango wa pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitumia maneno ambayo baadaye yalikuwa kama methali: kupanga ni kuchagua. Maana yake ni kwamba nchi maskini haiwezi kufanya yote kwa pamoja. Ukichagua barabara hii, umeiacha ile. Ukichagua kisima, labda umeiahirisha zahanati. Mtu asiyekubali kuacha kitu hajapanga, ametamani tu. Mwaka ule ule Taasisi ilianzisha vipindi vya redio vya kuwafafanulia wananchi Mpango huo, navyo vikaitwa kwa jina hilo hilo, Kupanga ni Kuchagua. Na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Mtafiti Awasili

Katika mwaka huo wa 1970 ndipo Budd Hall alipokuja kufanya kazi katika Taasisi, akiwa kijana aliyesomea elimu katika University of California, Los Angeles. Alikabidhiwa utafiti na mipango. Mkuu wa Taasisi alikuwa Bwana Paul Mhaiki, Mtanzania aliyeshika uongozi wa elimu ya watu wazima kwa moyo na akili, na ambaye baadaye alitumika katika kazi ya kufuta ujinga huko UNESCO. Yapasa kulisema hili mapema, ili msomaji asidhani kuwa mambo yafuatayo yalikuwa kazi ya mgeni mmoja. Hall mwenyewe, katika maandishi yake, hakujidai hivyo. Yeye alikuwa mtu wa kuhesabu, kuuliza na kuandika. Waliobeba kazi walikuwa Watanzania wenyewe, kwa msaada wa fedha wa serikali ya Swideni.

Njia waliyoichagua haikuvumbuliwa Dar es Salaam. Kanada ilikuwa na vikundi vya wakulima vya kusikiliza redio tangu 1941 mpaka 1965: majirani walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. India iliijaribu njia hiyo mwaka 1956 katika vijiji 150 vya upande wa Poona, na Ghana ikaijaribu mwaka 1964. Watu wa Swideni nao walikuwa na desturi yao ya zamani ya vikundi vya kujisomea, ambamo majirani hufundishana wenyewe bila kungoja mwalimu mkubwa.

Yafaa tuangalie kwa makini kilichokuwa ndani ya njia hiyo, maana hapo ndipo penye siri. Redio peke yake husema tu. Haiwezi kumwona msikilizaji aliyesinzia, wala kumjibu aliyetatizwa. Kwa hiyo waliiwekea redio wenzi watatu: kitabu kidogo chenye maandishi makubwa na lugha nyepesi, kikundi cha majirani wanaofahamiana, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, si kutoa hotuba, bali kuuliza maswali na kuwapa nafasi walio kimya. Kipindi kikiisha, kitabu husomwa kwa sauti ili wasiojua kusoma wapate sehemu yao. Kisha watu huzungumza: jambo hili hapa kwetu likoje? Sababu yake nini? Sisi tufanye nini kabla ya juma lijalo? Redio ikikosa kusikika kwa sababu ya mawimbi mabaya au betri zilizokwisha, mambo yaliyotokea mara nyingi, kitabu na majirani wapo, na somo halikuvunjika.

Toka Vikundi Vichache Hadi Watu Milioni Mbili

Jaribio la 1969 lilikuwa dogo. Mwaka 1970, wakati wa uchaguzi mkuu, yakafuata mafunzo mengine kwa jina la Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, wakafanya Wakati wa Furaha, juu ya historia ya nchi na mambo yaliyotendeka katika miaka ile kumi. Walioshiriki walikuwa wapatao 20,000. Kila mara Hall na wenzake walipima: vikundi vingapi vilikutana kweli, vitabu vilifika wapi na havikufika wapi, viongozi waliofundishwa siku mbili walitofautianaje na wasiofundishwa, na watu walikumbuka nini.

Kisha mwaka 1973 wakaruka kutoka 20,000 hadi milioni mbili.

Mtu akisikia hesabu hiyo aweza kudhani ilikuwa pupa. Lakini tangu mwisho wa Wakati wa Furaha walitumia zaidi ya mwaka mzima kwa matayarisho. Kwanza walichagua jambo. Walitafuta somo ambalo mwanakijiji aweza kulitenda kwa mikono yake mwenyewe, bila kungoja fedha za serikali, na ambalo matunda yake yataonekana. Wakachagua kinga ya magonjwa, na kampeni wakaiita Mtu ni Afya. Walikubali kuacha mambo mengine mengi yenye faida. Hata ndani ya afya hawakutaka kufundisha kila ugonjwa, bali yale yaliyowatesa watu wengi na yaliyoweza kuzuiwa: malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu.

Pili waliwaweka pamoja watu ambao kwa kawaida kila mmoja hufunga mlango wa ofisi yake: Wizara ya Elimu ya Taifa, Wizara ya Afya, chama cha TANU, watu wa redio, na watu wa kisomo waliokuwa wakifanya kazi Mwanza. Asiyepata kukaa katika kamati ya idara tano hajui ugumu wa jambo hilo.

Tatu walifundisha viongozi kwa ngazi. Wakufunzi wachache walifundisha watu wa mikoa. Wa mikoa wakafundisha wa wilaya. Wa wilaya wakateremka tarafani na katani wakafundisha viongozi wa vikundi. Kwa njia hiyo viongozi wapatao 75,000 walifundishwa kabla ya kipindi cha kwanza kusikika. Walikuwamo walimu wa shule na watumishi wa serikali, na pia wakulima wa kawaida wanaojua kusoma. Vitabu vipatavyo milioni moja vilipigwa chapa. Yapasa kulikumbuka hili kila litajwapo neno la maendeleo ya vyombo vya elimu: katika kazi iliyoitwa ya redio, jasho jingi lilikwenda katika kufundisha watu na kubeba karatasi.

Kisha, kwa muda wa majuma 12 ya mwaka 1973, nchi ikakaa kusikiliza. Watu walikutana katika shule, katika misikiti na makanisa, na chini ya miembe. Maneno Mtu ni Afya yalionekana katika mabango ukutani. Walioketi katika vikundi walikuwa wakulima, na wengi wao ni wanawake. Wengine walikuwa wakijifunza kusoma kwa mara ya kwanza, na kitabu cha Mtu ni Afya kikawa miongoni mwa vitabu vya kwanza kuingia nyumbani mwao.

Juma baada ya juma walifanya waliyoyaamua. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya maji yaliyotuama, wakachemsha maji ya kunywa. Vyoo vilivyochimbwa katika kampeni ile vilihesabiwa kwa malaki. Hakuna aliyelipwa kwa kuchimba.

Vipimo na Upungufu

Watu wengi hufanya kazi kubwa kisha wakatosheka na makofi. Hall na wenzake walikwenda kupima. Walichagua vijiji vinane, wakazikagua nyumba kabla ya kampeni na baada yake, wakitumia orodha ya mambo 11 yaonekanayo kwa macho, kama vile choo kilichojengwa na kutumiwa na mazingira yaliyosafishwa. Kabla ya kampeni nyumba ya wastani ilipata 3.0, baada yake ikapata 4.8. Hesabu hiyo yafundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba majuma 12 ya mazungumzo yalibadili nyumba za watu, jambo ambalo amri nyingi za wakoloni zilishindwa kulifanya. La pili, kwamba 4.8 katika 11 bado si nusu. Mtu mwaminifu huyasema yote mawili.

Mwaka 1974 Hall na Mwingereza Tony Dodds waliandika historia ya kampeni hizo, na baadaye Hall akaandika kitabu kingine juu ya Mtu ni Afya peke yake. Kutokana na maandishi yao na ya wengine waliofuata twajua upungufu ulivyokuwa. Pako mahali ambapo vitabu vilichelewa. Pako ambapo redio hazikusikika. Pako ambapo kiongozi alisahau mafunzo akageuka kuwa mhubiri, watu wakanyamaza. Na kubwa zaidi, choo kilikuwa katika uwezo wa mwanakijiji, lakini maji safi ya bomba hayakuwa katika uwezo wake. Mtu aliyekwisha elewa kwamba maji ya mtoni yana kichocho aliendelea kuyachota, kwa kuwa hayakuwapo mengine.

Liko na jambo jingine lisilopendeza, nalo halifai kufichwa. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule wa 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo 1976 watu wote wa mashamba wawe wamehamia vijijini. Mamilioni ya watu walihamishwa, na katika sehemu nyingi walihamishwa kwa nguvu. Bila shaka miongoni mwa nyumba zilizoachwa zilikuwamo zilizochimbiwa vyoo miezi michache tu kabla. Serikali iliyowaambia watu wakae kikundi wajadili na waamue wenyewe, ndiyo iliyowapakia katika malori bila kuwauliza. Hapa methali ya Mwalimu yatugeukia kwa swali: kupanga ni kuchagua, naam, lakini ni nani achaguaye?

Pamoja na hayo kazi haikukoma. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyoshirikisha zaidi ya watu milioni moja, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Kisomo chenye manufaa kikaendelea nchi nzima, na wasiojua kusoma wakapungua kutoka 67 katika kila 100 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975, na 27 mwaka 1977. Profesa Yusuf Kassam wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwenda kuwasikiliza baadhi ya watu waliojifunza ukubwani, na mwaka 1979 akachapisha maneno yao kitabu, ili waliokuwa wakihesabiwa wasikike pia wakisema.

Mwalimu Afundishwa

Sasa turejee kwa Hall, maana Tanzania ilimbadili yeye kuliko alivyoibadili yeye Tanzania.

Alikuja na ujuzi wa vyuo vikuu vya wakati ule: karatasi za maswali, hesabu, na majedwali. Ameeleza mwenyewe katika maandishi yake jinsi alivyozunguka vijijini akiwauliza watu maswali yaliyotungwa ofisini, wakamjibu kwa adabu, naye akaandika. Jioni, kazi ikiisha, aliketi na wale wale wanakijiji wakazungumza kama watu wanavyozungumza. Na katika mazungumzo hayo akasikia mambo mengi na ya kweli zaidi kuliko yote yaliyokuwa katika karatasi zake. Wanakijiji hawakuwa matupu yangojayo kujazwa. Walijua sababu za shida zao, na mara nyingi walijua dawa yake. Aliyekuwa hajui ni muulizaji.

Mwaka 1971 Paulo Freire, mwalimu mashuhuri wa Brazil, alifika Dar es Salaam, na mazungumzo yake na watu wa Taasisi yaliongeza moto ule ule. Katika miaka hiyo hiyo Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Finland, alikuwa akifanya utafiti pamoja na wanavijiji wa pwani, si juu yao. Kutoka katika mazingira hayo Hall alitoa wazo alilolipa jina, utafiti shirikishi: kwamba watu wanaochunguzwa wawe wachunguzi pia, washiriki kutunga swali, kutafuta jibu, na kuamua jibu litumiweje. Mwaka 1975, baada ya kuondoka Tanzania mwaka uliotangulia, alilitangaza wazo hilo katika jarida la Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima. Baraza hilo lilianzishwa mwaka 1973 na Roby Kidd wa Kanada, na Hall akaenda Toronto kulitumikia. Mkutano wake mkubwa wa kwanza wa dunia haukufanywa Ulaya wala Marekani. Ulifanywa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1976, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyeufungua.

Tangu 1979 mpaka 1991 Hall alikuwa Katibu Mkuu wa Baraza hilo. Kisha akawa profesa wa elimu Toronto, na tangu 2001 katika University of Victoria, upande wa magharibi wa Kanada, ambako aliongoza kitivo cha elimu. Mwaka 2012 UNESCO ilimpa yeye na Rajesh Tandon wa India uongozi wa pamoja wa kiti cha utafiti unaofanywa na vyuo vikuu pamoja na wananchi. Vyeo hivyo navitaja kwa ufupi, maana si shabaha yangu. Shabaha ni kwamba wazo linalofundishwa katika vyuo vikuu vya nchi tajiri lilizaliwa kwa sehemu kubwa katika vijiji vya Tanzania, kwa sababu mtu mmoja aliyetumwa kupanga alikubali kusikiliza.

Kilichobaki

Msomaji ataka kujua mwisho. Mwaka 1986 hesabu ya serikali ya Tanzania ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki wapatao 10 katika kila 100. Lakini miaka hiyo hiyo ilikuwa ya dhiki ya uchumi. Fedha za elimu ya watu wazima zilipungua, walimu wa kujitolea wakachoka, vitabu vikaisha na havikuchapwa vingine. Mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, husahau. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa wapatao 22 katika kila watu wazima 100 hawakujua kusoma na kuandika. Redio hazikupungua, ziliongezeka. Kilichopungua ni kikundi, kitabu, na kiongozi.

Na sisi tulipata kulisoma somo hilo nyumbani kwetu. Mwezi wa Machi 1973 jirani zetu walikuwa wakifundisha viongozi wa vikundi; mwezi wa Machi 2020 sisi tulifunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa zote kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na karatasi za masomo zikachapwa magazetini na kugawanywa. Vyombo vilikuwa bora kuliko vile vya 1973, na watangazaji walijitahidi. Hata hivyo kila mzazi akumbuka alivyomwona mtoto wake: redio yasema, mtoto ameduwaa, hapana wa kumwuliza alichokielewa. Mahali ambapo mama, kaka mkubwa, au mwalimu jirani aliwakusanya watoto wachache ukumbini, redio ile ile ilifundisha. Mahali pasipo na mtu huyo ilisema na ukuta.

Hilo ndilo neno ninalotaka libaki katika kitabu hiki cha ukumbusho. Jumuiya zetu hupenda kununua vyombo. Siku hizi ni kompyuta na simu, kama zamani zilivyokuwa redio, na kabla yake mbao na chaki. Vyote ni vyema. Lakini watu wa Mtu ni Afya waliuliza kwanza nani atakaa kukizunguka chombo, nani atamfundisha kiongozi, kitabu kitafika kwa njia gani, na watu watafanya nini kesho yake asubuhi. Walipojibu hayo, chombo kidogo kilitosha watu milioni mbili. Maswali hayo yalipoachwa kuulizwa, vyombo vikubwa zaidi havikutosha.

Basi wakati ujao tutakapokutana kuamua juu ya darasa la watu wazima, au chumba cha kompyuta katika shule ya jumuiya, tusianze kwa bei ya mashine. Tuanze kwa kuwaendea wale watakaoketi mbele yake, tukae nao jioni, tuwasikilize kama Hall alivyosikiliza. Kisha tuchague, na tulichokichagua tukitunze hata baada ya wageni wa sherehe kwenda zao.